Wasomaji wa Vioo wa Kibera

Kazi huanza kwa kuchagua. Makohozi yanayofika maabara ndani ya kikopo chenye kifuniko cha kuzungusha si kitu kimoja. Kuna majimaji ambayo ni mate tu, na kuna kipande kizito cha manjano iliyofifia, kilichopanda kutoka ndani kabisa ya pafu. Mtaalamu wa maabara hukiinamisha kikopo kwenye mwanga, hutazama, kisha kwa ncha ya kijiti hukitenga kile kipande kizito. Akikosea hapo, yote yatakayofuata, hata yakifanywa kwa ustadi gani, yatakuwa yamefanywa juu ya mate.

Kibera, mtaa wa Nairobi, imewajua mafundi wa kazi hii ya kutafuta kifua kikuu kwa miaka mingi: kwenye kituo cha Amref kule Laini Saba, kwenye Kliniki ya Tabitha, kwenye kliniki za Madaktari Wasio na Mipaka, ambao mwaka 2017 waliikabidhi Kaunti ya Nairobi kituo chao cha Kibera South, na hatua chache nje ya mtaa, kwenye Hospitali ya Mbagathi, iliyoanza kama hospitali ya magonjwa ya kuambukiza. Mgonjwa huiona kazi yao mwanzo na mwisho, yaani kikopo alichopewa na jibu aliloandikiwa. Mimi nataka kukaa katikati, kwa sababu huko ndiko kuna ufundi, na kwa sababu ufundi huo umeshikamana na mambo yanayotokea ndani ya kinga ya mwili kuliko tunavyodhani.

Kipande kile hupakwa juu ya kioo kwa kuzungusha kijiti taratibu mpaka lipatikane doa la takriban sentimita 2 kwa 1. Unene wa doa hauna mashine ya kuupima. Kuna njia ya zamani ambayo bado hufundishwa: kioo kikishakauka, kishike juu kidogo ya ukurasa uliochapishwa. Herufi zisomeke, lakini kwa tabu. Zikisomeka waziwazi, doa ni jepesi mno. Zisiposomeka kabisa, ni zito na rangi haitapenya. Ukurasa wa gazeti la jana unatosha kuwa kipimo, nami sijui kipimo kingine cha hospitali kinachomwamini mfanyakazi kiasi hicho.

Baada ya hapo kioo hupitishwa juu ya mwali mara mbili tatu ili doa lishike, kisha hufunikwa kwa rangi nyekundu ya kaboli fuksini na kupashwa kutoka chini hadi mvuke uanze kupanda. Mvuke ukianza, moto unaondolewa. Rangi ikichemka hukauka na kuacha chembe nyekundu zitakazodanganya macho baadaye. Dakika 5 zikipita, kioo huoshwa, kisha humwagiwa spiriti yenye asidi. Hapo kila kitu kilichokuwemo kwenye makohozi hupoteza wekundu wake, isipokuwa bakteria ambao ukuta wao umejaa nta na, wakishaipokea rangi, hawaiachii. Mwisho hutiwa rangi ya samawati ili kila kilichobaki kiwe buluu. Njia hii ilianzia Ujerumani, ikiunganisha kazi za Franz Ziehl na Friedrich Neelsen za mwaka 1882 na 1883, muda mfupi baada ya Robert Koch kutangaza mjini Berlin, Machi 24, 1882, kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Maabara ya leo ikitumia njia hiyo, hatua ni zile zile.

Sasa ndiyo kusoma. Tone la mafuta huangushwa juu ya doa bila ncha ya chupa ya mafuta kugusa kioo, kwa sababu ikigusa inaweza kumbeba bakteria mmoja hadi kwenye kioo cha mgonjwa mwingine. Lenzi inakuza mara 1,000. Anachokiona msomaji ni duara la mwanga lenye upana wa kama sehemu ya tano ya milimita, na ndani yake anatafuta kijiti chekundu, chembamba, kilichopinda kidogo, chenye urefu wa mikroni chache tu. Akimaliza duara moja husogeza kioo, na akifika ukingo wa pili wa doa lake la sentimita 2 atakuwa amepitia maduara 100. Hatangatangi huku na huku akitafuta bahati. Huenda kwa mstari, duara baada ya duara, kama mtu anayechagua mchele kwenye ungo ambaye hatauinua mkono mpaka punje zote zimepita chini ya macho yake.

Kioo kimoja kikisomwa ipasavyo huchukua dakika 5 hadi 10. Miongozo ya maabara inashauri mtu mmoja asisome zaidi ya vioo 20 hadi 25 kwa siku, kwa kuwa baada ya hapo macho huanza kuona yanachokitarajia. Katika kituo chenye foleni tangu alfajiri, kuiheshimu idadi hiyo kunahitaji moyo.

Jibu nalo lina adabu yake. Maduara 100 yasipoonyesha kitu, huandikwa kwamba hakuna aliyeonekana. Wakionekana 1 hadi 9 katika maduara 100, idadi yenyewe huandikwa. Kuanzia 10 hadi 99 ni alama moja ya kujumlisha. Wakiwa 1 hadi 10 katika kila duara ni alama mbili. Wakizidi 10 katika kila duara ni alama tatu. Lakini hadubini ina mpaka wake mkali. Ili mtu aweze kuwaona, inabidi mililita moja ya makohozi iwe na bakteria kati ya 5,000 na 10,000 hivi. Chini ya hapo anaweza kusoma kwa uaminifu wote na kioo kikabaki buluu tupu. Basi wale wa alama tatu, waliojaa kila duara, walifikaje kwenye kikopo kwa wingi huo?

Jibu la haraka ni kikohozi. Jibu kamili linapita kwenye seli za kinga ziitwazo seli T, ambazo msomaji hazitambui pale kwenye kioo. Yeye huona viini vya chembe nyeupe za damu vikiwa buluu, na hufurahi kuviona kwa sababu vinamhakikishia kwamba makohozi yametoka kwenye pafu. Seli T, hata zikiwemo, hazina alama ya kuzitofautisha kwa rangi hizi. Hata hivyo wingi wa wekundu anaouhesabu ni matokeo ya kazi ya seli hizo.

Tumchukue mtu wa Gatwekera au Kianda, vijiji vya Kibera, anayelala katika chumba cha futi 10 kwa 10, chenye mlango mmoja, na dirisha, kama lipo, limezibwa kwa ajili ya baridi na wezi. Mwenzake anakohoa. Bakteria wachache wanaelea hewani, wanavutwa, wanafika kwenye vifuko vya mwisho vya pafu. Huko wanamezwa na makrofaji, seli ambayo kazi yake ni kumeza takataka na wavamizi. Kwa kawaida makrofaji huunganisha mfuko wenye mvamizi na mfuko wenye asidi na vimeng'enya, na mambo yakaishia hapo. Bakteria wa kifua kikuu huzuia muungano huo. Anaishi ndani ya seli iliyopaswa kumuua, akigawanyika kwa uvivu, mara moja katika kila saa 20 hivi, ilhali baadhi ya bakteria wa tumboni wanaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20.

Wakati wote huo seli T hazina habari. Seli T haimwoni bakteria mzima. Inatambua kipande kifupi cha protini yake, tena kikiwa kimeshikiliwa juu ya ngozi ya seli nyingine. Ni lazima seli ya dendriti ikibebe kipande hicho kutoka kwenye pafu hadi kwenye tezi za limfu. Katika tezi hizo zinapita seli T nyingi mno, kila ukoo na kipokezi chake, na ni chache tu ambazo kipokezi chao kinalingana na kipande hicho. Zikikutana nacho huanza kuzaana. Bakteria wa kifua kikuu ana ujuzi wa kuichelewesha safari hii. Ndiyo maana kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, ambacho kwa kweli kinapima kumbukumbu ya seli T, huchukua wiki 3 hadi 8 tangu maambukizi kabla ya kuonyesha kitu.

Zinaporudi mapafuni, seli T za aina ya CD4 zinatambua makrofaji zilizovamiwa na kumwaga interferoni gama. Makrofaji iliyopokea ujumbe huo hubadilika: uwezo wake wa kuua unaongezeka, muungano wa mifuko uliokuwa umezuiwa unaanza kutokea. Seli nyingine za T, za aina ya CD8, huua seli zilizokwisha kushindwa. Kwa pamoja, na kwa msaada wa protini iitwayo TNF, hujengwa granuloma: makrofaji katikati, seli T kuzunguka nje, bakteria wamefungiwa ndani. Kwa watu 9 kati ya 10 hivi mambo hukoma hapo maisha yote, na mtu hajui kamwe kwamba aliambukizwa. Sisi husifu dawa, na zinastahili, lakini ushindi mwingi zaidi dhidi ya kifua kikuu hupatikana kimyakimya ndani ya vifua vya watu ambao hawajawahi kukanyaga kliniki.

Mwaka 2010 watafiti Iñaki Comas, Sebastien Gagneux na wenzao walilinganisha jenomu za aina 21 za bakteria hawa kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Vimelea vingi hubadilisha vipande vinavyotambuliwa na kinga ili vipate kutoroka. Virusi vya mafua hufanya hivyo mwaka hadi mwaka. Kwa kifua kikuu waliona kinyume. Vipande vinavyotambuliwa na seli T vilikuwa miongoni mwa sehemu zilizobadilika kidogo kuliko zote. Tafsiri waliyoitoa ni kwamba huenda bakteria huyu ananufaika akitambuliwa.

Ananufaikaje? Hapa ndipo ninaposimama kila mara nikiwafikiria wasomaji wa vioo. Granuloma inaweza kuzidiwa. Katikati yake tishu hufa na kuwa kama jibini, kisha huyeyuka, na ukuta ukipasuka kuelekea kwenye njia ya hewa huacha tundu ndani ya pafu. Sehemu kubwa ya uharibifu huo huletwa na ukali wa kinga yenyewe, ukali unaochochewa na seli T. Ndani ya tundu kuna hewa tele na walinzi hawafiki kirahisi. Bakteria huzaana hadi mamilioni kwa mamilioni, na kila kikohozi kinawatoa nje. Kwa hiyo alama tatu za kujumlisha kwenye karatasi ya mgonjwa zinaeleza mambo mawili kwa pamoja: bakteria ni wengi, na mara nyingi mwili huu ulikuwa na seli T zenye nguvu za kutosha kutoboa pafu lake.

Ukiielewa hoja hiyo, utaelewa vioo vilivyowatesa wasomaji wa Nairobi katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walikuja wagonjwa waliokonda hadi mifupa, wenye homa, wenye kutokwa jasho usiku mpaka shuka zikalowa. Makohozi yakaletwa, kipande kizito kikachaguliwa, mvuke ukapanda, maduara 100 yakapitiwa. Hakuna. Mara ya pili, hakuna. Jirani mwenye mashavu yake bado, aliyekuja kwa miguu yake kutoka Makina akilalamikia kikohozi tu, kioo chake kilijaa wekundu. Aliyekuwa mgonjwa zaidi ndiye aliyekuwa na kioo kitupu.

Macho ya wasomaji hayakuwa yamechoka. Virusi vya UKIMWI vilikuwa vimeziondoa seli T za CD4, na bila hizo granuloma haijengeki vizuri wala tundu halichimbiki. Bakteria walikuwapo, tena walikuwa wametapakaa kwenye tezi, damu, ini na figo, lakini hawakuwa wamekusanyika kwenye tundu lenye njia ya kwenda nje. Makohozi yalibeba wachache kuliko mpaka wa hadubini.

Kule Mbeya, Tanzania, Christof Geldmacher na watafiti wenzake walionyesha mwaka 2008 na 2010 jambo lililozidi kusikitisha. Virusi havipunguzi seli zote za CD4 kwa usawa. Seli zile zenye kumbukumbu ya kifua kikuu hupotea mapema, pengine kabla hesabu ya jumla haijashuka sana. Sababu mojawapo ni tabia yake ya kazi: hutoa kwa wingi kichocheo cha kuzaana kiitwacho IL-2, na hutoa kidogo sana protini ya MIP-1β, ambayo huziba mlango unaotumiwa na virusi kuingia. Jinsi zilivyo tayari kuzaana haraka ndivyo zinavyokuwa rahisi kuvamiwa.

Kwa fundi wa hadubini maarifa haya yalibadilisha uzito wa kila alichokiona. Tayari mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekubali kwamba bakteria mmoja tu katika maduara 100 anatosha kumhesabu mtu kuwa na makohozi yenye ugonjwa, mahali ambapo maabara inasimamiwa vizuri. Fikiria jukumu hilo. Kijiti kimoja chekundu, pengine kwenye duara la 83, mwishoni mwa zamu. Na jibu la hakuna nalo likaanza kusomwa kwa namna nyingine. Afisa wa kliniki aliyelipokea alipaswa kuliweka kando ya hesabu ya CD4 kabla ya kuamua lina maana gani. Hakuna ya mtu mwenye CD4 900 na hakuna ya mtu mwenye CD4 40 ni majibu mawili tofauti, ingawa yameandikwa kwa mkono ule ule. Kwa huyu wa pili kuna hata kipimo cha mkojo, kinachotoa jibu kwa dakika 25, kikinasa vipande vya ukuta wa bakteria vilivyopitia kwenye figo. Hufanya kazi vizuri zaidi kadiri seli T zilivyopungua.

Halafu dawa za kupunguza makali ya virusi zikafika Kibera, na mafundi wakashuhudia upande wa pili. Mgonjwa anaanza dawa, virusi vinashuka, CD4 zinapanda, na wiki chache baadaye anarudi akiwa na homa na tezi za shingo zimevimba kama mayai. Watu wakasema dawa ndizo zinazomuua. Kumbe seli T zilikuwa zimerudi kazini na kuwakuta bakteria, au hata mabaki ya bakteria waliokwisha kufa, na zikaanza kazi yao kwa hasira iliyolimbikizwa. Naamini wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii waliokuwa wakipanda na kushuka vichochoro vya Silanga na Soweto kueleza jambo hili mlango kwa mlango walifundisha somo gumu la kinga ya mwili kwa Kiswahili chepesi kuliko vitabu vyote.

Nataka pia itajwe kwamba makohozi ya Afrika Mashariki yameshaihudumia dunia nzima. Kuanzia 1970, mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza yalijaribu, kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, tiba ya miezi 6 badala ya miezi 18. Vipimo vya makohozi, mwezi baada ya mwezi, ndivyo vilivyoonyesha kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa, ugonjwa haurudi kirahisi. Miezi 6 anayotumia mgonjwa wa kawaida leo, awe Kibera au London, imetokana na subira hiyo.

Utafiti wa kitaifa uliokamilika Kenya 2016 ulikuta wagonjwa 558 wa kifua kikuu kwa kila watu wazima 100,000, idadi kubwa kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa, na wengi wao hawakuwa na virusi vya UKIMWI. Yaani wengi walikuwa na seli T zao kamili, na vifua vyenye uwezo wote wa kutoboka. Walikuwa mitaani, wakipanda matatu, wakifungua vibanda.

Kipimo cha kwanza siku hizi ni mashine ya GeneXpert, inayosoma vinasaba vya bakteria kwa muda usiofika saa 2, na inawanasa hata wakiwa wachache kuliko mpaka wa hadubini. Inasema pia kama rifampisini itafanya kazi. Hilo ni jambo la kushukuru, hasa kwa wale wenye CD4 chache waliokuwa wakirudishwa nyumbani na vioo vitupu. Lakini mashine hunasa vinasaba vya mfu na vya aliye hai bila kubagua, kwa hiyo haifai kufuatilia kama tiba inafanya kazi. Mwezi wa 2, wa 5 na wa 6 mgonjwa huletewa kikopo tena, na makohozi yanarudi chini ya hadubini.

Na kazi hiyo nayo ina wa kuikagua. Vioo vilivyosomwa havitupwi. Hufutwa mafuta na kupangwa kwenye masanduku kwa mfuatano wa daftari la maabara, chanya na hasi pamoja. Baada ya muda msimamizi huja, huchagua baadhi yake bila kuangalia majibu, na kuvipeleka kwa msomaji wa pili ambaye hajui wa kwanza aliandika nini. Wakitofautiana, kioo huenda kwa wa tatu. Msomaji wa kwanza hupata taarifa ya alichokikosa, namba ya kioo ikiwa imetajwa, naye hukitoa, hukiweka mafuta upya, na kuyapitia tena maduara 100.